Hodi ya Kutoka

Mpwa wangu alilala mikononi mwangu usiku mmoja wa mwezi wa Shaaban, sekunde tatu nne hivi. Sikuwa nabembeleza mtoto. Ana miaka 22 na kilo 75. Nilikuwa nimempiga kabali kwa nyuma, ile wanayoiita roba mitaani, na alikuwa na nafasi tele ya kunigonga nimwachie. Hakugonga. Nilihisi tu shingo inalegea na kisigino kinakwaruza mkeka. Nikamwachia mbio, nikamlaza chali, nikamnyanyua miguu. Alipofumbua macho aliangalia dari, akaniangalia mie, akauliza, "Mjomba, nimeshinda?"

Kwenye judo, ambayo ndiyo niliyomfundisha mie, na kwenye MMA anayoitaka yeye, mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na kukamatana, kugonga ni kitu cha mwanzo mtu kufundishwa. Unagonga kwa kiganja mara mbili tatu, juu ya mwili wa mwenzio au juu ya mkeka. Mikono ikibanwa unagonga kwa mguu. Vyote vikibanwa unasema kwa mdomo, na kwenye MMA hata ukipiga ukelele wa maumivu mwamuzi anahesabu umesalimu amri. Watoto ninaowafundisha huwaambia hiyo ni hodi. Kwa watu unapiga hodi uingie, hapa unapiga hodi utoke, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kujifanya hasikii.

Tatizo la kabali ni kwamba haiumi kama watu wanavyodhani. Ikikaa sawa haizibi pumzi, inabana mishipa ya damu ya pande mbili za shingo, na katika sekunde kama 10 mtu kashalala. Anayesubiri aumwe ndipo agonge atachelewa kila siku. Nilimweleza hayo usiku ule ule, tumekaa mkekani, yeye anakunywa maji. Akanijibu, "Lakini mjomba, ningekuwa kizimbani ningeweza kutoka."

Kizimba ndicho wanachopigania, ule ulingo wenye wavu pande zote. Barazani kwetu Kikwajuni mzee mmoja alipolisikia neno hilo aliuliza kama kijana kaajiriwa Kizimbani kwenye mashamba ya viungo. Tangu siku ile jina limemganda. Akipita tu, "Vipi, karafuu zinaendeleaje?"

Msomaji wa bara atashangaa mtu wa Unguja kuanza na judo badala ya masumbwi. Wenyewe wa hapa wanajua. Baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, ngumi zilipigwa marufuku Zanzibar, na marufuku ile ilikaa takriban miaka 60. Dar vijana wa rika langu walikuwa na mabondia wao na mikanda yao, sisi ngumi tulikuwa tukizitazama kwenye video. Lakini judo ilipata njia. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alihamia Unguja miaka ya 1980 na baadaye akaanza kufundisha vijana, na wale aliowafundisha wakafundisha wengine. Mie ni wa huko mwisho wa foleni, nilifundishwa na waliofundishwa. Ndiyo maana kizazi changu tunajua kukamata, kutia mtama na kumwangusha mtu akaangukia mgongo wote, lakini tukirusha ngumi utasema tunafukuza nzi.

Msinifikirie kwamba tulikuwa watu wapole. Kwa mama yangu ni Makunduchi, na huko kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wazima wanatandikana kwa mabua ya migomba mpaka mabua yenyewe yanachanika, kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto na watu wanakwenda kula. Mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakimaliza pale. Nimeyapokea mabua yale mgongoni nikiwa kijana, yanawasha kuliko yanavyoumiza.

Basi Agosti 2023 bondia Karim Mandonga, Mtu Kazi mwenyewe, akapanda ulingoni hapa hapa Unguja, na mji mzima ukawa hauna mazungumzo mengine. Mpwa wangu alikwenda kutazama akarudi kakunja uso. "Ngumi tu?" akasema. "Wakikumbatiana refa anawaachanisha. Pale ndipo ingeanza raha." Nikajua kashaharibika. Alikuwa ameshaangalia mapambano ya MMA ya Khabib Nurmagomedov kwenye simu mara zisizo idadi. Khabib kwa vijana wa hapa alikuwa kitu cha peke yake: Muislamu wa Dagestan kule Urusi, hapigani Ramadhani, akipewa kipaza sauti anaanza na Alhamdulillahi, na kazi yake kubwa ni kumkamata mtu na kumweka chini. Kwa mtoto aliyelelewa kwenye judo ilikuwa kama kuambiwa mchezo wako wa skuli unalipa dola.

Kuna kisa nilichompa siku hizo nikidhani nampa dawa. Mwaka 1951, uwanja wa Maracanã kule Brazil, mwanajudo wa Kijapani Masahiko Kimura alipigana na Mbrazili Hélio Gracie, mwalimu wa jujitsu. Kimura akamkunja mkono nyuma, ile kufuli tunayoiita ude-garami, akaukaza mpaka ukavunjika. Hélio hakugonga. Wa pembeni yake ndio waliorusha taulo, ishara ya kusimamisha pambano. Ukoo wa Gracie ukaiheshimu ile kufuli kiasi cha kuipa jina la aliyewavunja, na mpaka leo kwenye MMA dunia nzima inaitwa kimura. Miaka 42 baadaye, tarehe 12 Novemba 1993, mtoto wa Hélio, Royce, mtu wa kilo 80 tu, aliingia kwenye mashindano ya kwanza ya UFC, ile kampuni kubwa ya MMA, kule Denver Marekani na kuwamaliza watatu usiku mmoja. Mmoja wa hao watatu alikuwa bondia, Art Jimmerson, aliyeingia na glovu moja mkononi, mkono wa pili mtupu. Hakupigwa hata ngumi ya maana. Aliwekwa chini, akaona hana pa kutokea, akagonga.

Nilitaka mtoto asikie neno taulo. Yeye akasikia kwamba Hélio hakugonga.

Sasa hii kazi yenyewe. Watu wanadhani mpiganaji analipwa kwa dakika 15, raundi 3 za dakika 5, au 25 kama ni ubingwa. Hizo dakika ni sehemu ndogo. Iliyobaki ni kupima uzito. Mpwa wangu anatembea na kilo 75 lakini anapigana uzito wa unyoya, ambao mwisho wake ni kilo 65.8. Wapinzani wake nao wanafanya hivyo hivyo. Kila mmoja anajikausha ili akutane na mtu mdogo kuliko yeye, na mwisho wanakutana wawili waliokaukiana, wamejitesa bure. Nimewahi kusema hivyo mbele ya makocha wenzangu wakaniona mshamba.

Njoo uone kujikausha katika nyumba ya Kiunguja. Pambano lilikuwa Dar, Mfunguo Pili, kwa hiyo kazi ilianza Iddi haijapoa, mikate ya kumimina bado imo kabatini. Dada'ngu anapika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, anamwita mwanawe, mwanawe anatoka chumbani na sahani ya matango na ute wa mayai. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya nne aliacha kucheka. Kwetu mtu hakatai chakula cha mama yake ila anaumwa au kakasirika, na huyu alisema haumwi wala hakukasirika. Majirani wakaanza kuja kumwangalia kwa zamu. Mmoja alimwona saa saba mchana anakimbia kutokea Amani, kavaa koti la mvua na jua linachoma, akaja mbio kusema kijana kapata mambo.

Wiki ya mwisho walikata chumvi, siku mbili za mwisho wakakata maji. Hapo ndipo dada'ngu alipomletea kombe. Kaamka alfajiri, kampelekea sharifu, kaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani, kazisuuza kwa maji ya marashi, kaja nayo ndani ya chupa kaibeba kama yai. Mtoto akaiangalia ile chupa. Midomo imempasuka. Akasema, "Mama, siwezi kunywa mpaka kesho jioni." Sijawahi kumwona dada'ngu amenyamaza namna ile. Mwisho mtoto alichovya kidole akajipaka ulimini, na kombe likasafiri kwenda Dar kwenye begi, katikati ya glovu.

Sikumwambia dada'ngu habari za Yang Jian Bing. Alikuwa kijana wa Kichina wa miaka 21, alifariki Desemba 2015 mjini Manila akijikausha kwa ajili ya pambano, hata kizimbani hakufika. Baada yake wale walioandaa, ONE Championship, walipiga marufuku kukata uzito kwa kujikausha maji. Wengine wengi wanaendelea.

Barazani hesabu zao ni nyengine. UFC kwa miaka mingi mgeni wa kwanza alikuwa akianzia kwenye dola 12,000 za kupigana na 12,000 nyengine akishinda. Mzee wa karafuu alizigeuza kuwa shilingi pale pale kwa vidole, akapata milioni 30 na akishinda 60, akauliza anapigana mara ngapi kwa mwezi. Nikamwambia mara mbili tatu kwa mwaka, akiwa mzima. Toa kodi, toa meneja, toa kocha, toa miezi ya kambi, toa daktari wa mabega, na toa mwaka mzima ukivunjika. Mzee akatoa, akaagiza kahawa nyengine. Kampuni yenyewe ilinunuliwa dola milioni 2 mwaka 2001 ikauzwa kwa takriban bilioni 4 mwaka 2016. Wapiganaji wa zamani walikwenda mahakamani kudai walibanwa malipo, na kesi moja ikaishia kwa dola milioni 375 za kugawana. Wengi waligawana wakiwa wameshastaafu.

Na hiyo ni kwa aliyefika huko. Dar mtoto wangu aliahidiwa laki tatu. Alipewa laki na nusu kwenye bahasha, nyengine "ukirudi mara ya pili". Promota simtaji.

Pambano lenyewe. Ukumbi ulikuwa na joto, kizimba kimefungwafungwa, wavu upande mmoja umelegea. Mpinzani kijana mrefu wa bara, mtulivu, mikono kama makasia. Raundi ya kwanza ilikuwa yetu. Mtoto alimtia mtama mzuri ambao nimekuwa nao kichwani tangu siku ile, nikilala nauona. Mie nilikuwa pembeni na ndoo, chupa na taulo jeupe begani. Mpwa wangu mwengine alikuwa ameshika simu, video imepigwa mpaka Unguja, na dada'ngu na nusu ya mtaa wako ndani ya simu ile.

Raundi ya pili walianguka pamoja. Yule kijana akazungusha miguu kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mtu wa kimo chake, akaupitisha mkono wa mtoto katikati ya mapaja yake, akaukumbatia kifuani na kuanza kuinua kiuno. Kila mwanajudo anaijua, juji-gatame, kiwiko kinapelekwa upande ambao Mungu hakukiumba kwenda. Kuna muda ndani yake wa kutoka, mdogo. Ule muda ukapita, nikauona unapita.

Mtoto aligeuza uso akaniangalia. Nasema kweli, aliniangalia. Mkono wake wa pili ulikuwa huru, juu ya mkeka, vidole vimekunjuka. Na mie, mtu wa hodi, mtu wa visa vya 1951, nilikuwa na taulo begani na sikulirusha. Niliisikia ile simu nyuma yangu, sauti za watu wa kwetu zinapiga kelele toka, toka, na nikawaza atatoka. Nikawaza itakuwa fedheha nikirusha na kumbe alikuwa anatoka. Mwamuzi akaruka akawaachanisha. Kiwiko kilikuwa kimeshalia.

Mtoto akainuka anapiga kelele: hakugonga, mwamuzi kamdhulumu, apewe nafasi. Ukumbi ukamshangilia. Nami nikapanda kwenye wavu nikapiga kelele pamoja naye, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimekisikia. Juni 2004, kwenye UFC 48, Frank Mir alimfunga Tim Sylvia mkono namna hii hii, mwamuzi Herb Dean akasimamisha, Sylvia akafoka kwamba yuko mzima, ukumbi ukazomea. Halafu wakarudisha picha polepole, watu wakauona mfupa unakatika. Mwamuzi alikuwa amemgongea hodi mtu aliyekataa kuigonga mwenyewe. Kisa hicho nakijua kwa moyo. Nimekisimulia mara ngapi mkekani, na siku yangu ilipofika nilikuwa upande wa wanaozomea.

Tulirudi na boti ya asubuhi. Mtoto mkono umefungwa, kaegemea dirishani, anakunywa lile kombe taratibu. Dada'ngu alitupokea mlangoni. Hakuuliza kashinda au kashindwa, hakuuliza daktari kasemaje. Aliutazama ule mkono, akaniangalia mie, akasema, "Kaka, taulo lile ulilipeleka Dar likafanye nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la kumpa mtu mzima.

Kano zilichanika, mfupa ulipona. Miezi mitano hakukamata mtu. Katika miezi hiyo alikuwa akija kwangu baada ya Isha, tunakaa tu, na mazungumzo yakawa juu ya watu walivyoondoka. Khabib aliondoka Oktoba 2020, baada ya kumlaza Justin Gaethje kwa kabali ya miguu. Baba yake, ndiye kocha wake, alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hilo ndilo la mwisho. Mapambano 29, hakupoteza hata moja, miaka 32. Wakamwekea mezani kila aina ya pesa arudi, hakurudi. Chuck Liddell, bingwa wa zamani wa UFC na jina kubwa enzi zake, alipoteza matatu ya mwisho kwa kulazwa, akapumzika miaka minane, kisha 2018 akarudi akiwa na miaka 48. Raundi ya kwanza haikuisha.

Mpwa wangu yeye anampenda Francis Ngannou. Mcameroon, mtoto aliyechimba mchanga kwa koleo, akavuka jangwa na bahari, akafika Paris akalala kwenye maegesho ya magari, na Machi 2021 akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC. Januari 2023 mkataba ulipokwisha akakataa waliompa na akaondoka bado bingwa. Watu walisema kapotea. Oktoba mwaka ule ule alimwangusha Tyson Fury kwenye ulingo wa ngumi, Riyadh, raundi ya tatu, akashindwa kwa pointi lakini akalipwa pesa ambayo kizimbani hakuwahi kuiona. "Huyu naye aligonga, mjomba," mtoto akaniambia. "Kagonga mkataba." Nikamwambia na Anthony Joshua alipomlaza raundi ya pili miezi michache baadaye, aligonga nini? Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Dar.

Mwaka 2025 PFL, ile kampuni aliyokwenda Ngannou, walianzisha ligi ya Afrika, wakapigana Cape Town, Johannesburg, Kigali. Kigali ndiyo iliyomwamsha. Kigali si mbali, anasema, kana kwamba ni Bububu. Nikamwona anaanza tena na matango.

Juzi alikuja na karatasi za pambano jengine Dar. Amesimama nje ya mlango, mikono yote miwili mizima. "Hodi mjomba." Nikamkaribisha. Nikazisoma karatasi zile zote, na safari hii malipo yameandikwa, na nusu inatolewa siku ya kupima uzito. Hilo kalidai mwenyewe. Nikamuuliza pembeni yake watakuwa nani na nani, nikijua naweza kuambiwa sitakiwi.

"Weye na ndoo," akasema. "Ila mama kasema taulo atashika yeye."

"Mama yako? Hawezi hata kutazama."

"Kasema hatotazama pambano, atanitazama mie. Kashanunua taulo lake, mjomba. Kubwa, la kuogea. Jekundu."